Kotonii kugeuka nyeupe kila kaskazi, tatizo ni nini?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mi nalima mwani huku Mlingotini, Bagamoyo. Kila kaskazi, msimu huu wa joto, kotonii yangu (aina ya mwani) inageuka nyeupe inakatika yenyewe, wengine wanasema ni sabuni, wengine mbegu mbovu. Afu wanakuja vijana wa utafiti wanapima joto la maji wanaondoka zao, sasa mi kinanisaidia nini?

JIBU: Marahaba dada, pole sana, najua kamba moja ina kazi kiasi gani. Ila hicho kipimo cha joto ndo jibu lako lenyewe. Chukua tawi lisilopauka ulikunje, linakatika kach kama tango, afu shika lile jeupe, ni laini, linatelezateleza na linaachia pale pale lilipopauka. Hiyo inaitwa aisi-aisi, na haianzi na mdudu, inaanza na joto. Kotonii ikipata maji yanayopita nyuzi 30 siku kadhaa inachoka, ikishachoka ndo bakteria wanaingia. Na huku kwetu bamvua, siku zile bahari inajaa sana na kukauka sana, maji yanatoka saa nne saa tano asubuhi, kwahiyo shamba linabaki na maji ya magotini jua la utosi linaanza kuyachemsha, we mwenyewe si unasikia miguuni yalivyo moto?

Kwahiyo fanya hivi, kaskazi weka spinosamu, ule mwani wa aina nyingine, kule kwenye vigingi, inavumilia zaidi, bei yake ndogo nakubali ila ndogo inashinda sifuri. Kotonii peleka maji ambayo hayakauki hata bamvua, kamba ielee kwa chupa za plastiki, mbegu utaitunza huko mpaka kusi maji yapoe. Ile iliyopauka kata utupe nchi kavu kabisa, usiiache majini. Masika nayo angalia, maji ya mvua yanapunguza chumvi na dalili zinakuja zilezile.

Afu kuna ule uchafu mweusi kama nywele unaojisokota kwenye mwani, nao unapenda maji ya moto, ndo unawawasha ngozi na macho. Nawaomba sana vaeni glavu na buti, nimeona mikono ya kinamama imetoka malengelenge inaniuma. Na vigingi msikate mikoko jamani.

Hao vijana wakirudi waombe vipimo vya joto walivyochukua shambani kwako, ni haki yako. Wasiporudi nunueni kipimajoto kimoja cha kikundi, kila bamvua mtu akichovye majini kabla maji hayajajaa aandike kwenye daftari, mkiona 31, 32 siku tatu mfululizo hamisheni mbegu bila kusubiri weupe.