Nina mkanda wa kahawia, wananifunga mweupe

SWALI
Shikamoo Mzee. Nina miaka 24, kwetu Mwanza, huu ni mwaka wa kwanza nipo Unguja nabeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja Mji Mkongwe. Huko bara nilifika mkanda wa kahawia wa judo, wa mwisho kabla ya mweusi. Nilipojiunga na wenzangu wa hapa, mwalimu akaniambia nifunge kwanza mweupe, wa wanaoanza, mpaka anione. Siku ya tatu, mtoto wa shule wa miaka 15 akanipiga mwereka watu wote wanatazama. Sijarudi, wiki ya pili sasa. Mimi ni Mkristo, najua tumeagizwa tujishushe, lakini hapa naona nadhalilishwa. Halafu wanainamiana kila wakiingia mkekani, na mwenzangu wa kanisani anasema huko ni kusujudia miungu ya Kijapani. Tena wanataka nivue mkufu wangu wa msalaba. Nifanyeje?
Kahawia, Mtoni

JIBU
Marahaba mwanangu. Rudi. Mengine yote nitakayosema yanafuata hilo.

Neno lako “nadhalilishwa” limenikaa siku mbili. Mimi nasali Mkunazini. Kanisa letu limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na karibu na altare pana duara la marumaru kuonesha uliposimama mti wa kuwachapia watu. Aliyefungwa pale hakuulizwa anaonaje. Wewe umeambiwa ubadilishe mkanda, ukaufunga kwa mikono yako, na mlango ulikuwa wazi. Tafadhali, usiyaite mambo hayo mawili kwa jina moja.

Mwalimu hajakuona ukianguka, basi. Hilo ndilo analotaka kulijua. Kidevu umekibana kifuani ili kisogo kisiguse chini? Mkono mzima unapiga mkeka kwa wakati wake, au unautanguliza kujizuia mpaka kiwiko kiteguke? Mwaka mzima wa kubeba masanduku unaweza kumtoa mtu mambo haya, hata awe na mkanda wa rangi gani. Soma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alikasirika kwa kuwa Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtuma mtu tu, nenda ukaoge Yordani mara 7. Alikwishageuza safari, hasira zimempanda. Waliomrudisha ni watumishi wake, watu ambao siku nyingine asingewauliza kitu. Yule mwanafunzi wa skuli nakuomba umtazame hivyo.

Sasa kuna jambo ambalo halimo katika barua yako, nalo ndilo lililonifanya niijibu kabla ya nyingine zote. Unapompiga mwenzio mwereka, mkono wako mmoja umeshika mkono wa nguo yake. Akiwa hewani huuachii. Unauvuta juu kidogo. Kwa mvuto huo yeye anageuka, akatua ubavu na mgongo, na bega likasalimika. Watazamaji hawalioni hilo, wao macho yao yako kwenye miguu inayopaa. Nilipokuwa na umri wako, nami nikicheza judo, walikuja wageni kututazama, nami nikataka kishindo. Nikauachia. Mwenzangu alitua kwa bega, mtulinga ukavunjika, na sauti yake niliisikia, kama fito kavu. Alikuwa mvuvi. Wiki sita hakugusa nyavu, na nyumbani kwao yeye ndiye aliyekuwa mletaji.

Nilikwenda kwao Jang'ombe na kilo tano za mchele na sukari. Mama yake alinikaribisha barazani, akanitilia chai, akangoja nimalize kikombe. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, ulimwachia makusudi?” Nikamwambia, ndiyo mama. Hakuniongezea neno. Alichukua kikombe, akaingia ndani.

Tangu siku ile, ninaposoma Wafilipi 2 Paulo anapotukataza kutenda neno kwa majivuno, na kutaka kila mtu amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake, mimi nauona ule mkono wa nguo. Sauti ya upole na macho ya chini mtu yeyote anaweza kujifunza kwa wiki moja. Kwa hiyo jiulize: yule kijana alipokubwaga, aliushika? Umeniandikia aibu tu, hukutaja hata maumivu. Basi aliushika. Mtoto wa miaka 15 alikuwa na nafasi ya kukuumiza mbele ya watu wote, akakulinda. Wewe hukumpa hata ahsante, umemkimbia. Nenda ukamshukuru, na jina lake ulijue. Fika mapema utandike mikeka pamoja na watoto, na jioni usikawie kuikunja, maana wenzetu wanawahi Magharibi.

Kuhusu kuinamiana. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu, hakuwa kuhani. Sikufichi: ukumbi wake wa kwanza, wa mikeka 12, ulikuwa ndani ya hekalu la Kibudha, na huenda hilo ndilo alilolisikia mwenzio. Lakini Wajapani huinamiana dukani na ofisini pia, ndiyo salamu yao. Wewe umeniandikia shikamoo, neno ambalo asili yake ni kushika miguu, na hakuna aliyesema umenisujudia. Wenzetu Waislamu ninaofanya nao mazoezi wamejiuliza swali hilohilo. Baadhi yao huinamisha kichwa tu, na mwalimu wetu hana neno. Zungumza na wako. Ukiwekewa madhabahu ukaambiwa uombe, hapo kataa, utoke, na mimi nitakuwa upande wako.

Mkufu uvue. Kitu cha chuma hakiruhusiwi mkekani, kiwe cha dini yoyote, kwa sababu kinamkata mwenzio au kinakukaba mwenyewe. Wangu nautia ndani ya soksi, soksi naisukuma mpaka ncha ya kiatu, na haujapotea hata mara moja. Kucha nazo zikate kabla hujatoka nyumbani, za miguu pia.