Kabla hujabandika "ya majaribio" kwenye chaguo jipya

Msimu wa field ukifika, ofisi za programu hapa Tanga hujaa vijana, na maombi ya kumerji (kuunganisha msimbo wao na wa wote) hujaa neno moja: majaribio. Chaguo, yaani swichi ya kuwasha au kuzima kazi fulani ya programu, limeandikwa jana, testi hazipo, mwenye kuliandika hajui litafanya nini stoo ikiwa tupu, basi mwishoni mwa maelezo ya msaada, `--help`, anachomeka "majaribio" na kuomba apitishiwe. Hapana, mdogo wangu. Hilo si chaguo la majaribio, ni chaguo bovu lenye kibandiko. Lirudishe kwenye tawi lako, ile nakala yako ya pembeni ya msimbo.

Haya yameandikwa mara moja ili yasirudiwe kwenye kila ombi la kumerji. Naamini unajua kuandika skripti ya kuhamisha data na kusoma logi bila kushikwa mkono.

1. Kibandiko kinasema habari za kesho

Ukiandika "ya majaribio" unamwambia mtumiaji hivi: kinachofanya kazi leo kinafanya kazi kweli, ila jina lake, umbo la matokeo yake au maana ya namba zake vinaweza kubadilika toleo lijalo. Basi. Hukumwambia kwamba hujamaliza kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: unategemea kubadilisha nini? Taja kitu kwa jina. Mpangilio wa safu za CSV, lile faili la jedwali? Kanuni ya kukadiria shilingi? Neno lenyewe la chaguo? Ukiweza kutaja, tuendelee. Ukijibu "chochote tu", bado hujafikiri. Na ukikosa cha kutaja, toa chaguo likiwa la kudumu au usilitoe.

Msemo wetu wa "waja leo waondoka leo" ni wa wageni wa Tanga, haulihusu chaguo la programu. Lenyewe likija linapanga chumba. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, toleo la 2.23, Agosti 2019, ilileta amri za `git switch` na `git restore`, na ukurasa wa maelezo ukaonya kwa herufi kubwa kwamba amri hizo ni za majaribio na tabia yake inaweza kubadilika. Watu wakazizoea, wakafundishana, wakaziingiza kwenye skripti. Onyo lilikuja kuondolewa kwenye toleo la 2.51, Agosti 2025. Miaka 6. Hebu fikiria ungejaribu kubadilisha tabia ya `git switch` mwaka wa nne, uone barua ambazo zingekufikia.

2. Kosa linalouma: majaribio yanayoandika kwenye data ya kudumu

Hapa tukae. Kosa hili hurudi kila mwaka kwa sura mpya, na anayeumia ni muuza duka ambaye hata neno tawi analijua la mti tu.

Chukua duka la dawa muhimu pale Ngamiani. Programu inahesabu stoo kwa boksi zima. Mwenye duka anauza amoksilini kwa stripu, akaomba chaguo la kuuza sehemu ya boksi. Boksi lina kapsuli 100, stripu moja kapsuli 10. Kijana anafanya lililo karibu na mkono: safu ya `idadi` anaigeuza kutoka namba kamili kuwa desimali inayoelea, stripu moja inakuwa 0.1, anabandika "majaribio", anapush.

Zimebaki stripu 3, yaani 0.3. Wateja watatu wanakuja, kila mmoja stripu yake. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kwa ukamilifu katika mfumo wa jozi, hivyo 0.3 ukitoa 0.1 mara tatu hupati sifuri. Jaribu mwenyewe kwenye Python: utapata -2.7755575615628914e-17. Rafu iko tupu, lakini orodha ya kuagiza inatafuta `idadi == 0`, haioni sifuri, haiagizi.

Kijana akishagundua, analitengeneza, tena vizuri. Toleo linalofuata linahesabu kwa kipimo kidogo kabisa, kapsuli, kwa namba kamili. Boksi 3 sasa ni 300. Suluhisho ni sahihi, na balaa linaanzia papo hapo, kwa sababu ameiandika hiyo 300 kwenye safu ileile ya `idadi`. Mwenye duka anaweza kulizima chaguo wakati wowote. Si umemwambia ni la majaribio? Akilizima, msimbo wa zamani unasoma boksi 300. Thamani ya stoo inapanda mara 100. Orodha ya kuagiza inanyamaza. Duka linaonekana limejaa dawa huku rafu zinaisha. Wala usitafute kosa kwenye logi, maana kwa programu 300 ni namba halali kama 3.

Angalia kibandiko kilikuwa wapi: kwenye chaguo. Data yenyewe haikujua kitu. Ukilizima chaguo, onyo linaondoka nalo na madhara yanabaki kwenye diski.

Kinachotakiwa ni hiki. Fungua safu mpya, `idadi_vipande`, ya namba kamili, na nyingine ya `vipande_kwa_boksi`. Safu ya zamani usiibadilishe maana. Chaguo likiwa limewashwa, andika zote mbili ndani ya muamala mmoja (ziingie zote au isiingie hata moja): boksi kamili kwenye ya zamani, vipande vyote kwenye mpya. Likizimwa, vipande visivyofika boksi moja viingie kwenye jedwali la masalia na vichapwe, muuzaji aviangalie kwa macho. Likiwashwa tena, usiiamini `idadi_vipande` iliyokuwa imelala, maana mauzo ya boksi yamepita bila kuigusa. Ihesabu upya: boksi zilizopo mara `vipande_kwa_boksi`, jumlisha masalia.

Testi yake ni fupi. Anza na kapsuli 250. Uza stripu 3, zibaki 220. Zima: boksi 2, masalia 20. Uza boksi 1. Washa tena. Jibu ni 120. Ukipata 220 umeiamini safu iliyolala, ukipata 100 umepoteza masalia. Jibu likiwa jingine kabisa, usiniletee hilo ombi, kanywe chai kwanza.

Kisha weka alama ndani ya hifadhidata yenyewe kwamba chaguo fulani limewahi kuigusa. Waliotengeneza ext4 kwenye Linux walilielewa hili mapema. Mfumo huo wa faili ulipoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 2.6.19 mwaka 2006 uliitwa ext4dev, na aliyeutaka alilazimika kuliandika jina hilo mwenyewe wakati wa kuumaunti, yaani kuifungua diski itumike. Baadaye ikaja alama ya `test_fs`, inayowekwa kwa `tune2fs` kwenye diski yenyewe, kuonyesha kwamba mwenye diski amekubali iguswe na msimbo wa majaribio. Jina la ext4 lilikuja na kerneli 2.6.28, Desemba 2008.

Nakala ya akiba ichukuliwe na programu kabla ya kuwasha, si kwa kumwomba mtumiaji. Kama ni hifadhidata ya SQLite, tumia `.backup` au `VACUUM INTO`. Ukinakili faili kwa `cp` huku mtu anauza, unaweza kupata faili ambalo nusu ni la kabla ya muamala na nusu la baadaye, na utalijua siku unalihitaji.

Tena kuna data isiyorudi kabisa. Risiti ya EFD, mashine ya kodi, ikishatoka na taarifa zikafika TRA, hakuna kuzima. Chaguo linalogusa kodi, kiasi cha malipo ya simu au nywila halibandikwi majaribio. Ama liko tayari, ama halipo.

3. Kibandiko kikae pale mkono unapopita

`--help` haisomwi. Mwongozo hausomwi. Kinachosomwa ni kile mtu anachoandika kwa vidole vyake, kwa hiyo mlazimishe kuandika: `--washa-majaribio=stoo-vipande`. Lugha ya Rust imekwenda mbali zaidi na sipingani nayo: kipengele ambacho hakijaidhinishwa kinahitaji uandike `#![feature(...)]`, na kikusanyaji (compiler) cha toleo thabiti kinakikataa kwa kosa E0554. Hakuna cha "sikuliona onyo".

Ila usilichome neno majaribio kwenye jina la kitu kinachosafiri kati ya mifumo, kama vichwa vya HTTP (majina ya taarifa zinazotangulia ujumbe wa wavuti) au funguo za JSON (majina ya sehemu za data). Zamani walitumia `X-` mwanzoni mwa vichwa visivyo rasmi, wakidhani vikikubalika itaondolewa. Haikuondoleka, maana kuiondoa kulivunja kila anayesoma jina la zamani. RFC 6648, waraka wa viwango vya intaneti wa Juni 2012, ikasema desturi hiyo iachwe, na hadi leo `X-Forwarded-For` ipo, na utaendelea kuiandika. Kwa hiyo lango, yaani neno la kuwashia kama `--washa-majaribio`, liwe la majaribio, jina la ndani liwe lile unalotaka libaki.

Na usifungue lango moja la jumla. Kerneli ya Linux ilikuwa na `CONFIG_EXPERIMENTAL`, chaguo moja lililofunika vitu vingi mno. Kwa kuwa vingi kati yake vilihitajika, wasambazaji waliliwasha kwa kila mtu, likawa halimlindi yeyote. Mwaka 2013 likaondolewa. `--washa-majaribio=yote` ni kosa lilelile, na kila mwaka kuna anayenipendekezea.

4. Andika lini kitatoka

Kwenye faili la machaguo, kila la majaribio liwe na mistari mitatu: mwenye nalo ni nani, uamuzi ni toleo lipi, na sharti gani likitimia linapandishwa. "Likishazoeleka" si sharti. "Maduka 5 yamefunga mwezi bila tofauti kati ya stoo ya programu na ya kuhesabu kwa mkono" ni sharti.

Ingress ya Kubernetes, sehemu inayopokea maombi ya nje kwenye mfumo huo wa kuendesha programu katika seva nyingi, ilikaa beta (bado ya majaribio) tangu 2015 hadi 2020, na beta zao wakati huo zilikuwa zimewashwa tangu mwanzo. Dunia nzima ikajenga juu yake. Toleo la 1.22, mwaka 2021, lilipoondoa API (njia za kuuamuru mfumo) za beta, waliokuwa bado na jina la beta, `extensions/v1beta1`, kwenye faili zao za mipangilio za YAML wakakesha. Tangu 1.24, API mpya za beta hazijiwashi zenyewe. Funzo hilo wamelilipia wao, nyinyi mnalipata bure na bado mnaniletea chaguo la majaribio lenye `true` kama thamani ya mwanzo.

5. Mengineyo, haraka haraka

Toleo na machaguo yaliyowashwa viandikwe kwenye mstari wa kwanza wa logi. Chaguo la majaribio lisitegemee jingine la majaribio. Usilitaje kwenye mafunzo ya wateja wapya. Picha ya skrini unayomtumia mteja WhatsApp nayo ni mwongozo, kwa hiyo angalia kilichowashwa kabla hujaituma. Mteja wa Pangani au Lushoto huwezi kumfikia jioni hiyohiyo, basi usimpe lango ambalo huwezi kulifunga ukiwa mbali.

6. Siku ya kukibandua

Hapa vijana huharibu kazi nzuri kwa furaha. Chaguo limepita, wanafuta `--washa-majaribio=stoo-vipande` na kuweka `--stoo-vipande`, halafu asubuhi programu haifunguki kwenye duka ambalo njia yake ya mkato imeandikwa kwa lango la zamani. Acha jina la zamani likubalike kwa matoleo 2, likifanya kazi ileile na kutoa onyo lenye jina jipya ndani yake. Onyo liende stderr, njia ya ujumbe wa makosa. Ukiliandika stdout, njia ya matokeo, skripti ya mteja inayosoma CSV italihesabu kama mstari wa kwanza wa mauzo, na utapigiwa simu kuulizwa hiyo dawa inayoitwa "Onyo" inauzwa shilingi ngapi.