Usilipe hiyo mashine ya Kibirizi kabla namba haijasomwa kituoni

Mkuu, usilipe. Rudisha hela mfukoni kwanza. Umeandika kwamba kuna mtu pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, anakuuzia mashine ya boti, Yamaha 40, kwa nusu ya bei wanayouziana wavuvi. Anasema imetoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, risiti ilizama ziwani, ila mtaenda kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa "iwe halali". Umeuliza bei uishushe hadi ngapi, uisafirishe vipi hadi Kalya, na oili uchanganye kiasi gani. Kosa unalotaka kufanya nimeshalilipia kwa hela yangu, na mlango wake ni hilo neno la kuandikishana.

Karatasi ya mtaa haigeuzi mali ya wizi kuwa yako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi hana haki, aliyenunua kwake hana, na wa tatu naye vilevile, hata kama kila mmoja alilipa hela safi. Mwenye mashine akitokea na risiti yake anaichukua, na hadaiwi kukurudishia hata senti. Wewe utamdai aliyekuuzia, mtu ambaye pengine unajua jina lake moja tu na namba ya simu ambayo haipatikani tena.

Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba siku fulani watu wawili walikaa mbele yake wakapeana hela. Mashine ilikotoka, mwenyekiti hakujui. Madalali wa mialoni wanaowaambia vijana "mkishaandikishana mmemaliza" wananiudhi kupita kiasi, maana wao wanachukua cha juu jioni ileile, na siku polisi wanapogonga mlango hakuna dalali anayelala mahabusu.

Sasa usikie sehemu inayouma zaidi ya hela. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311: kupokea mali au kubaki nayo ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, ni kifungo cha hadi miaka 10. Watu wote wanashika hilo neno "kujua" na kujitetea nalo. Soma linalofuata, "sababu ya kuamini". Bei ya nusu ni sababu. Risiti hakuna, hiyo nyingine. Muuzaji anataka mkutane baada ya magharibi, namba imekwanguliwa, rangi ya kifuniko bado inanuka: zote hizo mwendesha mashtaka atazipanga moja moja. Na usiruke "kubaki nayo". Hata kama ulinunua bila kujua, siku ukiambiwa ni ya wizi ukaendelea kuitumia, umeshaingia ndani.

Hata hiyo 311 si mwisho. Mahakama zetu zinatumia kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Ikithibitika kwamba mali imekutwa kwako, kwamba ni ya mlalamikaji bila shaka, kwamba iliibwa kwake siku za karibuni, na kwamba ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye shtaka, mahakama inaweza kukuona wewe ndiye mwizi, usipotoa maelezo yanayoingia akilini. Mwizi, si mpokeaji tu. Sasa fikiria mashine za Ziwa Tanganyika zinavyoibwa: watu wanavamiwa majini usiku kwa bunduki au mapanga. Huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo kisichopungua miaka 30, na kosa hilo halina dhamana. Yaani unaweza kukaa rumande mpaka kesi iishe, boti inaoza mchangani, kwa sababu ya mashine uliyoinunua ukiwa umelala nyumbani kwako usiku wa tukio.

Kinachomwokoa mnunuzi hapo ni kuonyesha aliyemuuzia, mapema, tangu anapohojiwa mara ya kwanza. Ukilitaja jina kwa mara ya kwanza ukiwa kizimbani, litaonekana limetungwa. "Nilinunua kwa Mkongo mmoja" halimtoi mtu.

Na hapa ndipo hizo karatasi za mauziano zinapoanguka. Nyingi zimeandikwa "mashine moja aina ya Yamaha". Basi. Mashine ipi? Karatasi isiyo na namba haiwezi kuthibitisha kwamba inazungumzia hiyo iliyo nyuma ya boti yako. Iandikwe modeli, namba kamili ya mashine, HP (nguvu ya mashine), bei, tarehe, muuzaji aliipata wapi na lini, namba yake ya NIDA, simu na dole gumba. Mashahidi wawe watu wanaomjua yeye na kwake. Ukiwaleta shemeji zako wawili, wanachojua ni kwamba ulilipa. Hela ipite benki au kwa simu kwenda kwenye jina lilelile lililo kwenye kitambulisho.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya namba kusomwa. Kibao cha namba kiko kwenye klampu inayoifunga mashine nyuma ya boti. Kifute kwa kitambaa chenye petroli, usome kwa tochi ya pembeni ili mikwaruzo ionekane. Angalia kama ribiti ni mpya wakati chuma kimechakaa, kama kibao kimebanduliwa kikabandikwa upya, kama HP iliyoandikwa kwenye kifuniko inapingana na modeli ya kwenye kibao, maana vifuniko vinabadilishwa kama kofia. Namba ikikosekana, ondoka. Ikiwepo, ipige picha, waulize BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo anaosema aliitumia, kisha wewe na muuzaji mwende pamoja kituo cha polisi, waulize kama kuna RB (taarifa iliyoandikishwa polisi) ya wizi yenye namba hiyo. Kama kweli imevuka ziwa, awe na karatasi za forodha; bila hizo una tatizo la pili na TRA.

Usikubali kabisa lile pendekezo la "tutaigonga namba nyingine". Ukishaikwangua, umejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba ulijua.

Na kama mashine imeshakufikia ndipo shaka ikakuingia, ipeleke polisi mwenyewe kabla hawajakufuata. Toa picha za muuzaji na miamala ya simu. Wakiichukua, omba hati ya ukamataji, na usome namba iliyoandikwa humo, uilinganishe na ya kwenye kibao, kabla ya kusaini.

Umesema pia umeshatoa kianzio. Usiichukue mashine ili kufidia hicho kianzio. Ikilala kwako usiku mmoja, wewe ndiye uliyekutwa nayo. Mpigie leo, mwambie mkutane kituoni asubuhi na mashine yake. Akisema hana muda wa kwenda polisi, mdai kianzio chako na mashine ibaki kwake.