Pima nyasi kabla ya kununua ng'ombe

Ndugu, umeuliza kama ekari 4 za nyasi za Boma Rhodes zitatosha ng'ombe 3 kwa malisho ya mzunguko, yaani kuwalisha kwa zamu kwenye vipande vya shamba (vitalu). Usinunue mnyama bado. Pima nyasi kwanza. Kata kwa mundu mita 1 ya mraba, ukiacha visiki vya sentimita 10, anika hadi zikauke kabisa, kisha zipime kwenye mizani. Tuseme umepata gramu 200. Ng'ombe wa kilo 300 hula takriban kilo 9 kavu kwa siku, hivyo watatu wanahitaji mita 135 za mraba kila siku. Wape 200, maana nyingi hukanyagwa na kuchafuliwa kwa kinyesi.

Wasikae kitalu kimoja zaidi ya siku 3. Hapa ndipo wengi huharibu: chipukizi likianza kutoka, ng'ombe hulirudia kwa kuwa ni laini, na mizizi hudhoofika hadi magugu yachukue nafasi. Masika pumzisha kitalu siku 30 hivi, kiangazi 60 au zaidi. Kwa hiyo tenga vitalu 21 (20 vikipumzika siku 60, kimoja kikiliwa siku 3) vya mita 600 za mraba (200 kwa siku 3), jumla kama ekari 3. Ekari iliyobaki vuna hei.

Kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kusisimame: kupe huvumilia nyasini miezi kadhaa, mapumziko hayo hayawamalizi.