Hilux ya mwaka 1996 "inayopunguza maji kidogo": ninunue au niache?

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo mkoani Njombe. Kuna mtu ananiuzia Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, injini ya 3L, foo wili, kwa shilingi milioni 13. Dashibodi inaonyesha kilomita 148,000. Imepigwa rangi upya, na mwenyewe anasema haina tatizo lolote isipokuwa "inapunguza maji kidogo", na kwamba silinda hedi ilifunguliwa mwaka jana ikarekebishwa. Je, ninunue? Na nikinunua, niitunzeje ili inibebee mazao kwa miaka mitano bila kunifilisi?

Jibu: Marahaba. Nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kutoa fedha, kwa sababu wengi hunifuata wakati gari limekwisha kuvutwa kwa kamba hadi gereji. Nianze na lile neno ulilolitaja kana kwamba ni dogo. Injini iliyo nzima haipunguzi maji. Mfumo wa kupoza umefungwa, na maji yaliyomo leo yanapaswa kuwamo mwezi ujao. Yakipungua, ama yanavuja nje kupitia mpira, rejeta au pampu ya maji, na hilo ni jambo la gharama ndogo, ama yanaingia ndani ya silinda kupitia gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini) au ufa wa hedi, yaani kile kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu, na hilo linaweza kula sehemu kubwa ya hizo milioni 13. Kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Injini ya 3L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, ni injini ninayoiheshimu sana. Haina tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) wala kompyuta, pampu yake ya dizeli hutengenezeka, na spea zake zinapatikana hadi katika miji midogo. Adui yake mkubwa ni kuchemka. Ikichemshwa mara moja vizuri, hedi hupinda au hupasuka karibu na vali, na fundi akibadilisha gasketi peke yake bila kuipeleka hedi kwenye karakana ya mashine ikapimwa kwa presha na kusawazishwa, tatizo hurudi baada ya miezi michache. Kwa hiyo muulize muuzaji hedi ilipimwa wapi, na uombe risiti. Asipokuwa nayo, chukulia kwamba haikupimwa.

Nenda ukalione gari hilo alfajiri, na umwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, ahirisha hadi siku nyingine. Kisha minya mpira wa juu wa rejeta. Gari lililolala usiku mzima katika baridi ya Njombe linapaswa kuwa na mpira laini unaobonyea kwa vidole viwili. Ukiukuta mgumu, umejaa presha ambayo haikutoka tangu jana, hiyo ni dalili nzito kwamba gesi ya mlipuko inapenya kuingia kwenye maji. Ukiwa laini, fungua kifuniko cha rejeta, na nasisitiza kwamba kifuniko hicho hakifunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto. Tazama rangi ya maji: yakiwa ya kijani au mekundu yaliyo safi, gari limetunzwa, yakiwa na rangi ya tope la kutu, limekuwa likijazwa maji ya kisimani, yakiwa na utando wa oili, usiendelee. Mwambie awashe huku kifuniko kikiwa wazi, nawe usogeze uso wako pembeni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka kila anapokanyaga mafuta, yanamaanisha gasketi au hedi imekwisha.

Hapo hapo tazama moshi. Moshi mweupe unaotoka kwa dakika moja au mbili kisha ukakatika, huku injini ikitetemeka, kwa kawaida unatokana na hita plagi (zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha) zilizokufa, na katika baridi ya huko kwenu jambo hilo litakusumbua kila asubuhi ingawa kulitibu si ghali. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto ni maji. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi wakati wa kupanda mlima mara nyingi ni nozeli (zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda) mbovu au filta ya hewa iliyoziba. Fungua pia kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: mvuke hafifu ni kawaida kwa dizeli ya umri huo, lakini ukisukumwa nje kwa kupigapiga kama moshi wa jiko, ringi za pistoni zimelika. Ukiona povu jeupe kidogo chini ya kifuniko hicho, usikate tamaa haraka, kwa kuwa gari linalotembea safari fupi penye baridi hutengeneza unyevu hapo. Linganisha na kijiti cha kupimia oili; rangi ya chai ya maziwa ikiwa kwenye kijiti, hapo ni maji ndani ya oili.

Baada ya hapo liendeshe kwa nusu saa kwenye mlima, likiwa na mzigo ikiwezekana, ukiangalia mshale wa joto. Sikiliza kama gia ya tano inaruka na kurudi yenyewe, na kama difu (gia zilizo katikati ya ekseli) inalia ukiachia mafuta. Ingiza foo wili na gia ya uzito (ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu) uone kama zinakubali. Kisha, na hili ndilo watu wengi hawalifanyi, rudi asubuhi ya pili kupima maji yamepungua kiasi gani na kuminya tena ule mpira. Muuzaji mkweli hatakukatalia.

Kuhusu kilomita, usiziamini. Gari la karibu miaka 30 lenye kilomita 148,000 limetembea wastani wa kilomita 5,000 kwa mwaka, yaani takriban 14 kwa siku. Pikapu ya kazi haitembei hivyo. Safari moja ya Njombe hadi Makambako na kurudi inazidi kilomita 100. Tazama raba ya pedali ya klachi, usukani na kiti cha dereva, maana huko ndiko gari husema umri wake.

Rangi mpya nayo isikuvutie. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo. Gonga chasisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa nyuma ya kebini na pale hanga za springi za nyuma zinaposhikia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Tafuta viraka vya kuchomelea. Mimi niko tayari kununua gari lenye injini mbovu kwa bei ya chini, lakini sinunui lenye chasisi iliyopasuka na kuunganishwa, kwa sababu injini hubadilishwa, ilhali chasisi iliyodhoofika inahatarisha maisha kila unapopakia mzigo.

Usisahau nyaraka. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe na namba ya injini zilingane na kadi halisi ya gari, si kivuli chake. Hakikisha hakuna faini za trafiki zinazodaiwa, na umilikishaji ufanyike TRA mara tu mnapolipana. Kama injini ilibadilishwa, mabadiliko hayo yawe yameandikishwa.

Likifaulu majaribio ya maji na chasisi, nunua, lakini usimalize fedha zako zote kwenye kulinunua. Tenga walau robo ya bajeti yako kwa kazi za mwezi wa kwanza. Ya kwanza kabisa ni mkanda wa taimingi, unaofanya vali zifunguke na kufunga kwa kufuatana na mwendo wa pistoni. Injini hii hutumia mkanda, si cheni, na muda wake ni kilomita 100,000. Kwa kuwa kilomita za gari hili hazijulikani, badilisha mara moja pamoja na beringi yake ya kukazia na oili sili zilizo nyuma yake. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kisha safisha rejeta, weka mipira mipya na kipozeo halisi badala ya maji matupu, na uangalie kama themostati ipo, yaani vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Nasema hivi kwa sababu mafundi wengi huiondoa gari linapochemka, wakidhani wametibu. Katika baridi yenu, injini isiyo na themostati haifikii joto lake la kazi, hivyo hula dizeli zaidi na kulika mapema, na chanzo cha kuchemka kinabaki palepale.

Baada ya hapo, matunzo si magumu. Oili ya injini na filta yake kila kilomita 5,000. Filta ya dizeli kila 10,000, huku ukitoa maji yanayojikusanya chini yake kila mara. Filta ya hewa ikaguliwe kila wiki wakati wa vumbi. Oili ya gia boksi na difu ibadilishwe mara baada ya kununua, kisha kila kilomita 40,000. Kila asubuhi pima maji na oili kabla ya kuwasha, na uandike kwenye daftari kila unapoongeza. Daftari hilo litakuonyesha tatizo la hedi wiki kadhaa kabla mshale wa joto haujapanda.

Mwisho ni mzigo. Pikapu hii imeundwa kubeba takriban tani moja, dereva na abiria wakiwamo katika hesabu. Gunia la viazi linaloruhusiwa halizidi kilo 100, lakini lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) huzidi hapo kwa mbali, hivyo magunia kumi ya lumbesa ni mzigo ambao springi, breki na hedi hiyo havikuumbiwa. Pakia magunia saba au manane ya kilo 100, panda mlima kwa gia ya chini bila kulazimisha, na ukifika juu acha injini iungurume dakika mbili tatu kabla ya kuizima.