Jibu: Ukienda fildi usiwakataze Wikipedia

Mdogo wangu umeuliza kama ukienda fildi kufanya mazoezi ya kufundisha uwakataze kidato cha pili Wikipedia na Google, kama sisi tulivyokatazwa chuoni. Mi nasema usikataze, wataifungua tu nyumbani kwenye simu ya mama, bora waifungue mbele yako uwaonyeshe inavyosomwa. Mi niliwapa Vita vya Maji Maji (1905–1907), nikawaambia watafute waliokufa wangapi, huyu kaja na 75,000 huyu 300,000, darasa likawaka, ipi ya kweli mwalimu? Hapo ndo nikawashusha hadi kwenye marejeo kule chini, waone ile ndogo ni ya serikali ya Wajerumani wenyewe waliokuwa wanapigana na hii kubwa ya wanahistoria wa baadae. Yani walibishana hadi kengele! Wafungulie na historia ya makala, yani ile orodha ya nani kabadilisha nini na lini, mtoto akiona sentensi imebadilishwa jana usiku hamezi tena kila kitu. Google nayo, waambie ya juu kabisa wakati mwingine ni tangazo limelipiwa. Shule kama haina intaneti shusha Kiwix, programu ya kusomea bila mtandao, pamoja na faili lake la Wikipedia kabla hujaondoka mjini, Wikipedia inasomeka bila bando.