"Although", "unlike", "whereas": lipi likae wapi?

SWALI: Naandika ripoti za samaki kwa wanunuzi wa nje, hapa Kirumba, Mwanza. Niliandika "Although Nile perch is big, but it is different with tilapia", nikarudishiwa nisahihishe. Kosa ni nini? Na "unlike", "whereas" na "however" zina kazi moja?

JIBU: Ndugu msomaji, makosa mawili ya sarufi yametoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi husema "ingawa ni mkubwa, lakini…" na sentensi inasimama. Kiingereza kinataka kiungo kimoja: ukiweka "although", toa "but". Na kwa kuwa tunasema "tofauti na", mkono unakimbilia "with". Andika "different from". Wapo Waingereza wasemao "different to" na Wamarekani wasemao "different than", lakini "from" inapokelewa kote.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi, maana ni la hoja. "Although" hutaka jambo la pili lipinge matarajio ya la kwanza. Ukubwa wa sangara haumzuii kuwa tofauti na sato, kwa hiyo hakuna kinachopingwa. Kama unaweka vitu viwili sambamba tu, tumia "whereas": "Nile perch is usually sold as fillets, whereas dagaa is usually sold dried."

"Unlike" hufuatwa na jina, na unavyolinganisha lazima viwe vya aina moja. "Unlike dagaa, the price of Nile perch is high" inalinganisha samaki na bei! Sahihi: "Unlike dagaa, Nile perch is expensive." Kosa hili hata wazoefu hulipitisha, kwa hiyo lichunguze kila unapoanza sentensi na "unlike".

"However" ina kazi ya "hata hivyo". Haiunganishi sentensi mbili kwa mkato peke yake, itanguliwe na nukta au nuktamkato, na baada yake weka mkato: "The catch was small; however, prices fell." Hapo matarajio yamepingwa kweli, maana samaki wakiadimika tunategemea bei ipande.

Angalia pia umbo la neno. "Tofauti" yetu inabeba yote, Kiingereza kinagawa: "difference" ni jina na huenda na "between… and", "different" ni sifa, "differ" ni kitenzi na hakihitaji "is" mbele yake. Kwa hiyo si "there is a different between grade A with grade B", wala "the prices is differ". Andika: "There is a difference between grade A and grade B" na "The prices differ."